Yule wa Kompyuta, Kitanda Nambari Saba

"Khisa, huyo si ndiye yule wa kompyuta?"

Senge Nakhungu, shangazi yake, aliuliza akiwa mlangoni mwa wadi ya wanaume, akaelekeza midomo kwa msichana aliyekuwa anakuja na beseni la maji ya moto. Khisa alitazama, akatamani sakafu imeze viatu vyake na miguu iliyomo. Alikuwa ndiye. Nanyama, mchumba wake, aliyekwisha kutajiwa ng'ombe wa mahari, harusi ikingoja Desemba hiyo ya 2006.

"Kompyuta gani?" Nanyama akauliza.

Mwaka mzima Khisa alikuwa amewaambia watu wa kwao Bokoli kwamba msichana anasomea kompyuta kule Kitale. Kusema anasomea usaidizi wa wauguzi, kulisha wagonjwa, kuwageuza na kuwaosha, kulimshinda. Mwalimu mzima, mwenye tai mbili, mke wake aoshe wazee wa watu? Hata Nanyama alipomtumia ujumbe wiki ile, "Nimepewa hospitali ya huko kwenu nifanyie mazoezi. Utakuja kuniona?", alijibu, "Niko bize."

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Khisa iliishia kitanda nambari saba. Hapo alilala baba yake, Mzee Mukhisa, stroki imemchukua upande wote wa kulia na maneno yote.

Asubuhi hiyo mwalimu wa Nanyama, Sista Chelangat, alikuwa amefika kutoka Kitale kumtahini. Mtihani wa mwisho: kumwosha mgonjwa kitandani. Mgonjwa aliyemwangukia: nambari saba.

Senge alitandaza mikono mlangoni. Akaeleza, kwa sauti ya kufika hadi jikoni, kwamba kwao mkwe na baba mkwe hawapeani hata mkono. Kiti cha mzee, mkwe hakikalii. Sasa huyu ati aende na sabuni?

"Akimgusa kaka yangu, hakuna harusi. Ng'ombe wabaki zizini."

Sista Chelangat, mtu wa Kapsokwony asiyejua kupaza sauti, alimweleza Nanyama kwamba wenzake wameshamaliza wagonjwa wao. Akimkataa huyu, atarudia miezi mitatu. Hakumsukuma. Alifungua kalamu, akangoja.

Nanyama akamgeukia Khisa.

"Wewe unasemaje?"

Khisa alitazama tai yake.

"Baba amelowa tangu alfajiri, Khisa."

Tai bado ilikuwa na mistari ile ile.

Basi Nanyama hakuuliza tena mtu yeyote aliyesimama. Alivuta pazia kuzunguka kitanda, akainamisha macho kama mkwe anavyopaswa.

"Baba, ni mimi, Nanyama. Nimekuja na kazi, sijakuja na ukwe. Kama hutaki, funga macho, nitaita mwingine. Sitakasirika."

Mzee alimtazama kwa muda. Hakufunga macho. Mkono wa kushoto, ule mzima, uliinuka, ukampungia aje.

Khisa alitia jicho kwenye upenyo wa pazia. Upenyo wa upande wa pili tayari ulikuwa na jicho. La Senge.

Nanyama alianza na uso, kwa maji matupu. Akafunua mkono mmoja, akauosha, akaukausha, akaufunika, ndipo akaenda kwa mwingine. Kifua na tumbo aliviosha mkono ukiwa chini ya shuka. Mzee mzima aling'aa bila hata goti moja kuona jua. Kila hatua alimwambia kwanza, "Sasa nashika mguu, Baba," na mzee akaitikia kwa koo.

Alipofika pale pa heshima, aliloweka kitambaa, akamtilia mzee mkononi, akauongoza mkono hadi ukingo wa shuka, kisha akageukia ukutani. Mzee akajimalizia mwenyewe, polepole, kama mtu aliyerudishiwa kiti chake cha mbele kanisani.

Khisa alisogeza jicho karibu zaidi. Jana yeye na wanaume wanne walimvuta baba yake kama gunia, wakamgongesha kichwa mlangoni. Huyu msichana mwembamba kama mwiko alimkunja goti, akashika bega na nyonga, akahesabu hadi tatu, na mzee akageuka kama ukurasa wa Biblia. Shuka chafu ikatoka, safi ikaingia, mzee akiwa juu yake. Mpaka leo Khisa hajui ilipitia wapi.

Mwishowe mzee akafumba macho.

"Mnaona? Amekataa," Senge akadakia.

"Amelala, Mama," Sista Chelangat akasema, akiandika.

Nanyama alipotoka na beseni, Senge alimvaa. Kumbe ameidanganya familia nzima, kompyuta kumbe ni beseni.

"Si yeye, Senge," Khisa akasema. "Hajawahi kutaja kompyuta. Ni mimi. Niliona haya kusema anaosha watu."

"Na sasa?" Nanyama akauliza.

"Sasa najionea haya mimi mwenyewe."

Nanyama alimkagua kuanzia viatu hadi tai. Kisha akamnyooshea beseni.

"Shika. Choo kiko mwisho wa wadi."

Khisa akashika. Alipita vitanda kumi na vinne mbele ya wageni wote, amebeba yale maji kama maji ya ubatizo, bila kumwaga tone. Mzazi wa mwanafunzi mmoja wa darasa lake alimsalimu, macho kwenye beseni.

"Namsaidia mchumba wangu," Khisa akamwambia. "Anasomea kazi ya kuuguza."

Desemba ilipofika, ng'ombe walikuwa wameshatoka zizini bila Senge kuwazuia tena. Kanisani, siku ya harusi, Mzee Mukhisa alitembea kwa mkongojo, na maneno yake yalikuwa yanarudi moja moja kama kuku jioni. Nanyama, na gauni lake jeupe, alipiga magoti mbali na mzee, kama desturi inavyotaka. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto.

"Kaka, huyo ni mkwe," Senge akamnong'oneza.

"Leo... ni nesi wangu," Mzee akasema. "Ukwe... tuanze kesho."

Nanyama alisogea, akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, na vidole vyake vikaenda vyenyewe pale mapigo yanapopigia. Kanisa zima likamngoja ahesabu.

Senge Nakhungu akasukuma watu kwa kiwiko, akafika mbele, akavuta juu mkono wa gauni lake.

"Na mimi nipime. Kwani mimi ni mbuzi?"