Programu Iliyonyamazishwa

Kila Jumamosi, akishafua na kuanika sare zake za shule, Kemilembe alishuka kwa miguu hadi Kirumba, kwenye zahanati ya Sista Justa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na darasani kwao hakuna aliyemfikia kwa hesabu. Miaka hiyo ya tisini watu binafsi walikuwa wameanza kufungua zahanati, shule na biashara za kila namna pale Mwanza. Shangazi yake, Prudencia, naye alifungua chumba cha mafunzo ya kompyuta, na ndiye aliyemfundisha kuandika programu.

Programu ya zahanati waliiandika pamoja. Ilijengwa kwa vipande, kila kimoja na kazi yake. Kipande kilichoitwa Mtoto kilitunza jina na uzito wa mgonjwa. Kingine, Dawa, kilimwuliza Mtoto uzito wake kikakokotoa kipimo cha dawa ya maji ya malaria. Cha tatu, Kioo, kilionyesha majibu. Mvua zilikuwa zimechachamaa, wagonjwa walijaa, na Sista Justa alishukuru kupunguziwa hesabu.

Lakini programu ilikuwa ikizimika hovyo. Inafanya kazi vizuri, halafu ghafla inasimama na kuacha maandishi ya Kiingereza.

"Kemi, chombo chako kimekufa tena," alisema Sista Justa asubuhi hiyo, mbele ya foleni ya akina mama. "Hawa watu wanaumwa. Sitaki kuyaona tena hayo maandishi. Yaondoe."

Mama mmoja alicheka. Kemilembe alihisi masikio yakiwaka moto. Alimkasirikia Sista, akamkasirikia aliyecheka, na zaidi ya wote akaikasirikia kompyuta. Hakuuliza kilichoingizwa kabla haijazimika. Alikaa, akaandika mistari michache: kosa lolote litakalorushwa, yaani kutangazwa, na kipande chochote lidakwe kabla halijaonekana, na lisifanyiwe chochote. Programu iendelee tu.

"Haya, piga kelele tena nikuone," alinong'ona, akibonyeza vitufe kwa nguvu.

Hadi mchana programu haikuzimika hata mara moja. Sista Justa alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo akaingia Mama Ngosha kutoka Igombe, akiwa amembeba mwanawe mdogo, Shimba, aliyekuwa akichemka homa. Dada Winnie, msaidizi wa zahanati, alimpima mtoto, akaingiza jina na uzito. Kioo kikaonyesha kipimo. Sista Justa akamimina dawa kwenye kikombe, akainama kumnywesha, kisha mkono wake ukasimama hewani. Alikitazama kikombe. Akamtazama mtoto.

"Nani amesema apewe yote haya?"

"Kompyuta, Sista," alijibu Winnie.

Sista Justa alikokotoa mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Dawa iliyokuwa kikombeni ilizidi mara mbili ya kipimo cha mtoto yule. Aliimwaga yote kwenye sinki.

"Mlitaka kuniulia mtoto?" aliuliza Mama Ngosha. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa hiyo ilitisha zaidi. "Nimetembea kwenye matope nimletee mwanangu sumu?"

Sista Justa alimpa Shimba kipimo sahihi, akamwomba mama radhi, kisha akageuka. "Kemilembe. Umefanya nini?"

"Sista, wewe mwenyewe uliniambia niyaondoe maandishi."

"Nilikuambia uondoe tatizo."

"Hukusema tatizo. Ulisema maandishi," alijibu Kemilembe, machozi ya hasira yakimlenga.

"Ni kweli, nilisema hivyo," alisema Sista Justa hatimaye. "Na wewe ulitafuta kujua yalikuwa yanasema nini?"

Kemilembe aliifungua tena ile mistari aliyoiandika asubuhi.

Shangazi Prudencia alipigiwa simu, akafika akiwa amekunja uso. Alisoma ile mistari, akamgeukia Kemilembe. "Kaa karibu na Winnie," alisema. "Mwangalie anavyoingiza uzito. Usiseme neno."

Kemilembe alitazama. Winnie aliandika upya uzito wa Shimba, kumi, na badala ya moja akabonyeza herufi l, yaani L ndogo.

"Dada Winnie, kwa nini l?"

"Taipureta niliyojifunzia haikuwa na namba moja. Sote tulitumia l. Si zinafanana?"

Sasa kila kitu kilieleweka. Kompyuta haikuweza kuisoma herufi kama namba, ndipo kile kipande, Mtoto, kikarusha kosa. Kosa lilidakwa na kutupwa kimya kimya, na uzito wa mgonjwa aliyetangulia, mvulana wa darasa la pili, ukabaki palepale chini ya jina la Shimba. Sista Justa alipitia vipimo vya asubuhi yote, akakuta ni cha Shimba tu kilichokosewa.

Kemilembe na shangazi yake waliiandika upya programu. Mtoto akishindwa kusoma uzito, au akipewa uzito usio wa mtoto, arushe kosa. Dawa haiwezi kukisia uzito, hivyo isilidake, iliache lipite hadi kwenye Kioo. Kioo ndicho kilidake na kuandika kwa Kiswahili: "Uzito haujasomeka. Ingiza upya." Kosa wasilolitarajia lisimamishe kazi bila kutoa kipimo. Na iwe kazi imefaulu au imeshindwa, mwishoni uzito wa mgonjwa ufutwe kabla ya mwingine kuingia. Kisha Prudencia alimwamuru aijaribu kwa makusudi: herufi, nafasi tupu, hata uzito wa ng'ombe. Kila mara programu ilikataa na kueleza sababu.

Kemilembe alimfuata Mama Ngosha, aliyekuwa bado benchini akiangalia homa ya mwanawe ikishuka. "Mama, shikamoo. Kosa ni langu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nimesikia," alisema Mama Ngosha bila kutabasamu. "Lakini usirudie na mtoto wa mwenzio."

Njiani kurudi nyumbani Prudencia bado alikuwa na hasira, ila alizungumza taratibu. "Kukosea si aibu, Kemi. Mimi nakosea kila siku. Programu iliyozimika ilikuwa inakuambia ukweli, na wewe ukaifundisha kudanganya. Kosa ukiliona, ama litengeneze, ama lipeleke kwa anayeweza kulitengeneza. Kulificha ni kumwachia mtu mwingine aumie."

"Nimeelewa, shangazi."

"Jumatatu ukitoka shule utamfundisha Winnie ilipo namba moja. Kwa heshima."