Fremu Iliyonilalia Mbele ya Mama Mkwe

Nina miaka thelathini na sita, mke mmoja, watoto watatu, na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni hapa Tunduma. Cheti hicho ndicho kilichonivimbisha kichwa.

Mahindi yetu ya mwaka mzima yalikuwa uani chini ya turubai, na mvua za kwanza zinakuja. Tulihitaji banda la mbao. Shemeji yangu Ayubu, kaka wa mke wangu, ni seremala, akajitolea kulijenga. Nikamkatalia... Nilimwambia ujenzi nimesomea. Wasomaji wenzangu, tulichosoma ni kuchora pembetatu.

Fremu ya ukuta wa kwanza niliipigilia chini, nikaisimamisha peke yangu. Ikakakamaa kama askari wa gwaride. Ya pili hivyo hivyo. Mbao za mshazari za kuzishikilia? Niliona zinaharibu urembo, nikazichemshia chai.

Nikafunua turubai nianze kuhamisha magunia. Upepo ukapita mara moja tu... fremu zote mbili zikanilalia. Mguu ukabanwa, uzito kama lori zima la kwenda Zambia.

Mke wangu alikuwa sokoni. Nyumbani alikuwepo mama yake tu, mgeni wetu kutoka Ileje. Kwa mila za kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani wala hawakaribiani. Nikaita. Akatokea, akajifunika kanga usoni, akanigeuzia mgongo, akaanza kuongea na kuku.

"We kuku, muulize huyo baba, mguu anausikia?"

"Kuku, mwambie mama nausikia kwa mbali."

"Muulize tena, si alisema amesomea?"

 Huku mbao, kule heshima, juu wingu jeusi... Mguu ukaanza kufa ganzi.

Mama mkwe akaingia jikoni, akatoka na mchi. Kisha akasema taratibu, "Kuku, hujaona kitu." Akaja kinyumenyume, akachomeka mchi chini ya fremu, akainua. Nikajivuta.

Mvua ilinyesha jioni ile ile. Nusu ya mahindi ilichipua ndani ya magunia. Lakini hilo si kubwa. Kulipokucha mama mkwe aliondoka bila kuaga, na hajarudi tena. Nilimlazimisha mama wa watu avunje heshima yake ya miaka yote, kwa sababu ya uongo wangu.

Mguu umepona. Banda alilijenga Ayubu kwa siku mbili, mshazari kila kona, bila kunisema hata neno. Afadhali angenisema... Ndugu zangu, kazi usiyoijua, sema huijui. Wanangu bado wananiuliza bibi anakuja lini.