Aline na Debe la Mbegu

Haya yalitokea hapa hapa Busunzu, na ni kweli tupu tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Msomaji akinikamata na uongo hata mmoja, nitamkabidhi jogoo wangu mwekundu, yule anayewika kuishinda kengele ya shule.

Kila akitoka shule, Aline aliteka maji, akafunga mbuzi, kisha akafanya alilotumwa. Mwezi wa Januari mama yake, Winifrida, alimwambia, "Mwana wanje, mwanangu, chekecha majivu ya jikoni uyachanganye na mbegu za maharage kabla fukusi hawajaingia. Debe hilo ndilo shamba letu la Machi. Hatuna lingine."

"Ndiyo, mama," Aline akaitika, akaliacha debe vile vile. Kesho yake akapita kando ya debe, moyo ukamnong'oneza, "Aline, majivu." Akaenda kuruka kamba. Kesho kutwa na mtondo, hivyo hivyo.

Jumapili, mwalimu wa watoto kanisani aliwasomea waraka wa Mtume Paulo. Kwanza Wakristo wanaambiwa wautimize wokovu wao wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka; papo hapo wanaambiwa ni Mungu anayetenda ndani yao, hata kule kutaka kwao. Aline aliona maneno hayo mawili yanapigana. Akachukua lililompendeza.

"Umeshatia majivu?" kaka yake, Jordan, alimwuliza jioni.

"Mungu ndiye mtendaji. Akitaka zipone, zitapona."

"Haya, Mchungaji Aline! Tutakula mahubiri yako."

Mvua ya Machi ilipofika, mama alifungua debe. Vumbi la maharage yaliyoliwa likamtimkia usoni. Fukusi mmoja, mnene kama mbuzi, akatoka akijipangusa masharubu. Mama aliketi chini, akalichota lile vumbi kiganjani. Kumwona hivyo kulimchoma Aline kuliko fimbo.

"Mama, ni mapenzi ya Mungu," alisema.

"Majivu aliyaumba nani?"

"Mungu."

"Na mikono yako?"

"Mungu."

"Basi ulitaka amtume malaika aje akukorogee?" Jordan akacheka, mama akamkata jicho, akamgeukia tena Aline. "Ulipokuwa ukipita hapa, hukusikia lolote moyoni?"

Aline aliinama. "Nilisikia, mama. Siku tatu. 'Aline, majivu.'"

"Huyo ndiye Mungu akitenda ndani yako. Kuitika ndiko kulikokuwa kwako. Paulo hajipingi, mwana wanje. Tunajitahidi kwa sababu Mungu ameshaanza kazi ndani yetu. Wewe umeigeuza kazi yake kuwa kisingizio cha kuiacha yako."

Siku mbili Aline alichambua maharage, punje kwa punje, kamba ya kuruka ikining'inia ukutani. Akapata nusu debe yasiyotobolewa. Yakatosha nusu ya shamba. Kwingine wakapanda mihogo. Baada ya wiki, mistari ya kijani ikachomoza.

"Kuotesha ni kwa Mungu," mama alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Lakini hajaotesha hata moja lililobaki ndani ya debe."

Kwa kuwa mimi ni jirani yao, nilimpa Aline aisome hadithi hii kabla ya wengine. Akakwama kwenye fukusi.

"Babu Kipriani! Mnene kama mbuzi?"

"Mjukuu wangu, Mungu ndiye aliyepanga nitie chumvi."

"Na moyo haukukunong'oneza kitu, babu?"

Ulininong'oneza. Mara tatu.

Jogoo siku hizi anawikia kwao.