Swali la Kumi na Saba

Lori la Fuso la bluu lilikipita kijiji cha Dirma kwa fujo, likawaachia mbuzi na mchungaji wao vumbi la kuwatosha siku nzima.

Kissa alikuwa nyuma yake mita mia nne, juu ya pikipiki ya Honda XL. Alivuta hewa, akapata vumbi tupu. Akatema.

"Mnara, hapa Kware. Mzigo nauona. Reginald yumo kwenye gari," aliripoti redioni kwa jina lake la kazi.

"Usimguse," Mnara, mkuu wake, alijibu sikioni mwake kutoka Dodoma. "Vitabu viache vifike Haydom. Tunawataka wanunuzi wote."

"Mtihani ni keshokutwa, Mkuu."

"Nimesema viache."

Kissa akaongeza mwendo.

Mwizi alikuwa akiiba miswada ya vitabu vya mazoezi ya darasa la saba na kuichapa kwa magendo ng'ambo ya mpaka. Walioshukiwa walikuwa wahakiki watano wa mchapishaji. Kissa akawategea. Kila mmoja alipewa mswada wenye kosa lake peke yake katika swali la kumi na saba. Kosa litakalojitokeza kwenye vitabu vya magendo ndilo litakalomtaja mwizi.

Wahakiki wanne walilizungushia kosa kalamu nyekundu. Wa tano, Reginald, anayelipwa kutafuta makosa, hakufungua hata ukurasa mmoja. Alikimbilia kuuza.

Mtego ulinasa. Lakini sasa kosa alilolitunga Kissa kwa mkono wake lilikuwa limechapwa mara elfu nne, na lilikuwa linakwenda kwa watoto.

Alibonyeza swichi.

Asubuhi kule Katesh, dereva akinywa supu, Kissa alikuwa amebandika kifaa cha kuizima kwa mbali chini ya injini. Fuso likakohoa mara mbili, likazimika katikati ya mlima.

Reginald akaruka chini, tai shingoni, bastola mkononi.

Kissa alishafika karibu. Bastola yake, Glock 19, ikalia mara moja. Kioo cha pembeni kikapasuka karibu na sikio la Reginald, bastola ikamponyoka.

"Dada, tuongee. Hivi ni vitabu tu."

"Umevisoma?"

"Mimi? Vya nini?"

Mtu mzima, na tai yake! Kissa alimfunga pingu kwenye bampa, asimwangalie usoni. Dereva alishakaa kando ya barabara na mikono juu, akiapa kwamba yeye alijua amebeba vitunguu.

Nyuma, chini ya magunia, boksi moja lilikuwa limefunguliwa.

"Vya humu viko wapi?"

"Sampuli, vilitangulia," Reginald alinong'ona. "Shule moja tu, kule Maretadu. Wako kambini, walikuwa na haraka."

Kissa aliwaita polisi, akawakabidhi watu na mzigo. Mnara alifoka redioni mpaka akakaukiwa sauti.

Jioni alisimama mlangoni mwa darasa Maretadu. Watoto sitini walikuwa wamehamia shuleni na magodoro yao kwa ajili ya mtihani. Mwalimu Yona alishika kitabu kimoja kwa mikono miwili.

"Swali la kumi na saba. Ng'ombe mmoja hunywa lita arobaini kwa siku. Kumi na wawili, siku tatu?"

"C! Elfu moja mia nne na nne!" darasa zima lilinguruma.

Mbele, msichana mmoja alikuwa amepigishwa magoti kwa adhabu kwenye sakafu ya saruji.

"Na huyu?"

"Marieta. Mbishi sana, mama. Anasema kitabu kimekosea. Kitabu!"

"Shikamoo," msichana alisema, macho chini.

"Marahaba. Kwa nini unabisha?"

"Nyumbani ng'ombe nanywesha mimi. Ni elfu moja mia nne arobaini. Jibu hilo humo halimo."

Kissa alimwinua. Magoti yake yalikuwa na alama za saruji. Akachukua chaki, akaandika 1,440 ubaoni.

"Yuko sahihi. Kosa hili nililiweka mimi."

Mwalimu Yona alishusha kitabu. "Mama, kwa nini?"

"Ili nimkamate mwizi."

Dodoma sababu hiyo ilionekana ya maana. Hapa, mbele ya magoti yale, Kissa alijisikia mchafu kuliko Reginald.

"Umemkamata?" Marieta aliuliza.

"Nimemkamata."

"Na la ishirini na tatu je? Nalo halina jibu."

Kissa alichukua kitabu. Akapiga hesabu mara mbili kwa kidole kwenye vumbi la dawati. Kweli halikuwa na jibu. Hilo hakuliweka yeye. Lilikuwamo tangu kwenye mswada halali, na wahakiki wanne waaminifu walikuwa wameupitisha.

"Sahihisheni yote mpaka mwisho," alimwambia Mwalimu Yona. "Asome Marieta."

Mwalimu alimpa msichana kitabu na kiti chake.

Nje, Kissa alivaa helmeti na kuwasha redio.

"Mnara, hapa Kware. Zuia na vile vitabu halali. Navyo vina makosa."

"Nani kasema vina makosa?"

"Mhakiki wa kwanza kuvisoma kweli," alijibu, akazima redio na kuipiga pikipiki kiki.