Majina ya Wanaouawa

Jumamosi ile ilianza kama nyingine zote. Saa nane mchana madirisha ya banda la video yakazibwa kwa magunia, mabenchi yakajaa, na Mdomo akakaa kando ya televisheni na maikrofoni yake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu papo hapo, na wateja wake walitaka moja tu: ile kuukuu ya karate, ambamo mhunzi anawasaka watu watano walioiua familia yake. Waliijua pigo kwa pigo. Damu yake ilikuwa nyekundu kama rangi ya mlango, na bado waliishangilia.

Mdomo alikuwa na mtindo wake. Kila Jumamosi alichagua mmoja wa wanaouawa, akampa jina la mtu aliyekaa ukumbini, na aliyetajwa alivimba kichwa wiki nzima.

Lakini wiki mbili nyuma alimtaja fundi viatu kwenye lile pigo la shingo. Jumatatu fundi akakutwa kibandani kwake, uso umegeukia mgongoni. Jumamosi iliyofuata akamtaja kinyozi kwenye pigo la kifua. Naye akakutwa ndani, kifua kimebonyea, mlango umefungwa kwa komeo la ndani.

Mdomo akamwomba mwenye banda abadilishe filamu. Akachekwa. Basi akaapa kutotaja mtu.

Wanne wakafa bila jina. Watu wakazomea. Mhunzi alipomfikia wa tano na kunyoosha vidole kumdunga ubavuni, sauti ikatoka benchi la mbele.

"Kaka, huyo niweke mimi!"

Alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Mdomo akaruka, akang'oa waya wa televisheni kabla pigo halijatua.

"Nani kakwambia useme?" alimnong'oneza.

"Si utani tu, kaka."

Akamburuta hadi nyumbani. Akafunga mlango. Siku tatu hakutoka wala hakumruhusu atoke. Aliogopa hata kupepesa macho.

Siku ya nne, adhuhuri, walikuwa mezani. Mdogo akaacha kutafuna.

"Kaka," alisema taratibu. "Nani yuko nyuma yangu?"

Hapakuwa na mtu. Kijiko kikaanguka. Mdomo alipolipasua shati lake, alikuta matundu matano ubavuni, yamejipanga kama vidole vya mkono.

Baada ya mazishi alikwenda peke yake bandani kuichoma moto ile kanda ya filamu. Kwanza akaichomeka, aone pale alipokatiza. Maikrofoni ilikuwa kabatini, na tangu aanze kazi haikuwahi kurekodi chochote.

Vidole vya mhunzi vikazama. Kwenye spika ikatoka sauti ya Mdomo mwenyewe, imechangamka, ikimtaja mdogo wake kwa jina la utotoni walilolijua wawili tu. Kisha ukumbi mzima ukacheka, na kicheko cha mdogo wake kikasikika kupita vyote.