Moto wa Maji ya Afra

Jiko la kuni lina adabu zake, na asiyezijua ataishia macho mekundu na wali mbichi. Mie skuli niliiacha kabla haijanizoea, lakini jiko nalijua. Ndiyo maana Nassra, binti wa marehemu mdogo wangu, alipotaka kujenga jiko la udongo nyumbani kwake Chukwani, alinipigia simu mimi. Hakumpigia mwengine, na angempigia mwengine ningemnunia mpaka leo.

Nilitoka Mpendae asubuhi na mapema na ufagio wangu wa chelewa chini ya kwapa. Tukakanda udongo wa kichuguu na jivu, tukalipandisha jiko, tukalitia bomba la moshi likatokea ukutani kwa nje. Mwanawe, Afra, alikuwa anatuzunguka kama kifaranga. Wakati ule meno ya mbele yalikuwa yameshaanguka. Mdogo wake, Muhannad, alikuwa chumbani, hajajua hata kukaa.

"Bibi, jiko hili linakula nini?"

"Kuni kavu. Na watoto wanaouliza sana."

Akacheka, pengo lote nje.

Nikamfundisha mama yake. Kuni nyembamba kwanza, nene baadae. Usilishindilie, moto nao unataka pumzi. Jivu liteke kila asubuhi, lakini usilikwangue lote, bakisha kidogo chini lishike joto. Bomba lipige ufagio, masizi yakijaa moshi hurudi ndani. Na jioni vuta kuni moja moja, gonga ncha zake mchangani, makaa yafukie. Maji usimwage, udongo utapasuka.

Nassra akawa anaitikia, "Naam, Mamkubwa, naam." Aliyeshika somo ni Afra. Alijitafutia kipande cha bomba la maji, akawa yeye ndiye mpuliza moto wa nyumba ile. Kifua chake hakikuwa kizuri tangu kuzaliwa, kwa hivyo pumzi zake zilikuwa na mwendo wake. Mbili fupi, moja ndefu. Fuu, fuu, fuuu. Ukiwa barazani ukiisikia, unajua chai inakuja.

Masika yalipoingia, kifua kikamzidi. Akafa. Jiko lile halikuwa na moshi, silisingizii. Mtoto siku zake zilikuwa zimekwisha, na mie si mtu wa kutafuta wa kumlaumu.

Nitalosema ni hili. Kwetu maji ya kuoshea maiti hupashwa nje ya nyumba, kwenye mafiga ya muda. Yakishapata vuguvugu, moto huzimwa hapohapo na aliyeuwasha, na kuni zinazobaki haziingii tena jikoni mwa mtu. Na mama wa maiti haigusi kazi ile. Anakaa ndani, anashikwa na wenziwe. Siku ile vyote viliharibika. Mvua ilikuwa inamwagika, uwanjani maji mpaka vifundoni, hapana jiwe la kuweka moto. Bi Salhiya, muosha maiti, akasema basi tutumie jiko la ndani. Nassra kusikia vile akajitoa mikononi mwetu.

"Maji ya mwanangu ntayapasha mwenyewe," akasema. "Hajapata kuogea maji ya mtu mwengine."

Bi Salhiya akanitazama. Mwanamke yule ameosha nusu ya wafu wa Chukwani, hashtuki ovyo.

"Muacheni," akasema. "Akimaliza, azime yeye."

Nassra akawasha. Akatia majani ya mkunazi sufuriani. Akajaribu maji kwa kiwiko, kama anavyojaribiwa maji ya mtoto mchanga. Wanawake wote jikoni wakageuza nyuso.

Wanaume walipolibeba jeneza, Nassra alianguka mlangoni. Tukamkimbilia sote. Mwenye kumshika miguu, mwenye kumtilia maji usoni. Moto hakuna aliyeukumbuka. Kila mmoja alidhani mwenzake ameuzima.

Nyumba ya msiba haipiki. Vyakula vikatoka kwa majirani, jiko halikuguswa. Matanga yakaondoka, mie nikarudi kwangu.

Haukupita muda, Kheir akanipigia. Kheir ndiye mume, mpishi wa hoteli upande wa Kiwengwa, nyumbani anarudi siku zake za mapumziko tu.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba. Sema upesi, chaji yangu ndogo."

"Njoo umtazame mwenzangu. Hatoki jikoni." Akashusha sauti. "Na mtoto hapumui vizuri."

"Sasa unanipigia mimi, mie daktari?"

"Hospitali tumekwenda. Kule analala kama mfalme. Daktari kasema kifua safi. Tukimrudisha hapa tu, anaanza."

Nikenda.

Nilifika jua limesimama kichwani, mchana mweupe, majirani wanaanika nguo. Nayasema haya kwa wale wanaodhani mambo haya yanangojea giza.

Nassra nilimkuta amekaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mbele ya jiko. Amekonda, mabega yametoka kanzuni. Moto unawaka vizuri, mwekundu, hauna moshi. Juu yake hapana chungu wala sufuria.

"Unapika nini?"

"Sipiki."

"Sasa moto wa nini?"

Alichukua ukuni, akausogeza ndani taratibu, kama anayemlisha mtu. Nikautazama ule ukuni. Ulikuwa umechongwa, umepakwa rangi. Ulikuwa mguu wa kitanda cha Afra. Nilikuwepo kiliponunuliwa.

"Nassra."

Akaweka kidole mdomoni. "Sikiliza, Mamkubwa."

Nikasikiliza. Nje mtu alikuwa anasuuza ndoo. Halafu nikasikia.

Fuu. Fuu. Fuuu.

Makaa yakang'ara. Cheche zikaruka. Mdomoni mwa jiko hapakuwa na mtu. Kile kipande cha bomba kilikuwa kimetundikwa ukutani, kina vumbi.

Nikakaa chini.

"Tangu lini?"

"Tangu matanga kuondoka." Alikuwa ananong'ona, macho kwenye moto. "Nilikuja kuwasha, nkafukua jivu. Makaa hai, Mamkubwa. Siku zote zile hakuna aliyetia hata kijiti. Nkaweka kuni zilobaki, zikashika zenyewe."

"Kuni gani zilobaki?"

"Za maji yake."

"Nassra, kuni zile haziingii jikoni. Unajua."

"Zilikuwa kavu," akasema. "Nyengine zote zimerowa."

Na kweli. Masika, nyumba ina msiba, mwanamke anataka kumchemshia mwanawe uji, anakuta kuni kavu pembeni. Angefanya nini. Lakini alipoendelea kuulisha moto ule baada ya kuisikia pumzi, hapo alikuwa anajua anachofanya.

Nikenda chumbani kumtazama Muhannad. Alikuwa amelala chali chini ya chandarua. Nikaweka mkono kifuani. Kifua kinapanda, kinashuka, kama cha mtoto yeyote. Nikataka kumtukana Kheir kwa kunitoa Mpendae bure.

Jikoni ikapulizwa. Fuu.

Kifua kikazama.

Fuu.

Kikazama tena. Mbavu zikachomoza.

Fuuu.

Hakikupanda. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Nikamwinua, nikampiga mgongoni, nikamwita jina lake. Hapana. Halafu kikapanda, mtoto akavuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji. Hakulia. Pumzi ya kulilia hakuwa nayo.

Nikafahamu pumzi inayopuliza moto ule inatoka wapi.

Niliingia jikoni, nikamsukuma Nassra na kibao chake, nikavuta kuni zote, nikazigonga mchangani mpaka zikafa. Makaa nikayafukia. Nikageuka kufuta mikono. Nilipotazama tena, makaa yalikuwa juu ya jivu, mekundu. Nikafukia tena. Yakarudi juu. Adabu za jiko nikaziweka upande, nikabeba ndoo ya maji nikaimwaga yote. Mvuke ukajaa chumba. Udongo ukapasuka kwa mlio. Mvuke ulipoondoka, ndani ya ufa moto ulikuwa unawaka, na kuni nilizozivuta zimo mle mle tena.

Kheir akaenda kumwita Bi Salhiya. Akaja mpaka mlango wa jikoni, hakuvuka kizingiti. Akautazama moto, akajifunika pua kwa buibui.

"Aliuwasha nani?" akaniuliza pole pole.

"Mama mtu. Mbele yako."

"Na hakuuzima."

"Hakuuzima."

"Basi mie na wewe tunafanya nini hapa?" Akageuka zake. Kwaheri hakuaga.

Nassra alikuwa amesimama ukutani, ameyasikia yote. Nikamwambia nilichokiona chumbani. Nikamwambia pumzi ya Muhannad inakwenda wapi kila jiko linapopulizwa.

"Najua," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Najua, Mamkubwa. Nlijua tangu wiki ilopita." Machozi hayakuwepo, uso umekauka kama chelewa. "Kila siku nasema, leo nauzima. Halafu anapuliza. Nasema, basi kesho."

Kheir alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Aliposikia vile akakaa chini palepale, akafunika uso kwa mkono mmoja.

Watu huniambia ulimi wangu mkali. Siku ile ningekuwa na ulimi laini tungezika tena.

"Nisikilize," nikamwambia. "Huyu aliye mikononi mwa baba yake hajafa. Yule ameshakufa. Ulimpashia maji, amevishwa sanda, amesomewa hitima. Sasa niambie nikuzikie wangapi."

Akanitazama kwa chuki. Chuki ile naikumbuka, na simlaumu. Halafu akapiga magoti mbele ya jiko.

Alivuta kuni moja moja. Kwanza mguu wa kitanda. Akaugonga mchangani, taratibu, mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Fuu, likasema jiko.

Akavuta wa pili. Akaugonga nao.

Fuu.

"Bismillahi," nikamwambia. "Sema."

"Bismillahi."

Ukabaki ukuni wa mwisho, mmoja wa zile za maji ya Afra. Ulikuwa haujaisha. Siku zote zile motoni, haujaisha. Akauvuta. Akaugonga. Ukafa.

Yakabaki makaa. Akateka jivu kwa viganja, akalimwaga kidogo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala asimwamshe. Safari hii makaa hayakupanda. Yalififia. Likabaki moja, kiasi cha punje ya hindi.

Kutoka mdomoni mwa jiko sauti ikatoka. Ndogo, imechoka, haina lawama.

"Mama, baridi."

Nassra akaupeleka mkono ndani ya jivu. Nikaukamata. Watu wakanisifu baadae kwamba nilimshika mwanangu kwa huruma. Nilimshika asifukue. Nilimbana kifundo mpaka kikafanya alama, naye anavuta, anavuta tu. Kwa mkono wa pili angeweza kufukua. Mkono ule wa pili ulikuwa huru, nao ulikuwa umeshika jivu. Tukakaa vile. Adhana ya alasiri ikaanza, ikaisha.

Akaulaza ule mkono wa pili juu ya kaa. Akaufungua, jivu likalifunika.

Nyuma yetu Muhannad akalia. Kilio kirefu, cha ghadhabu, cha mtoto mwenye mapafu yake mwenyewe. Majirani wakachungulia. Nassra hakugeuka. Alilaza paji la uso kwenye ukingo wa jiko, akabaki pale mpaka udongo ukapoa.

Kheir alilivunja jiko kesho yake. Siku hizi wanapikia gesi. Jivu nililiteka mimi, lote, sikubakisha. Nikalitia ndoo nikaja nalo Mpendae, maana jivu la moto kama ule halimwagwi njiani watu wakalikanyaga. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba yangu, karibu na ukuta, nikalifukia na mchanga juu.

Muhannad sasa anakimbia, na vikombe vyangu vinaisha kwa sababu yake. Kifua hakijamsumbua tena.

Kilichobaki ni pale ukutani. Majani hayaoti. Mvua ikinyesha, uwanja wote unalowa, pale panatoka mvuke. Paka wa jirani amezalia pale, hakutaka sanduku nililomwekea. Nimefukua mara moja kwa jembe kutafuta kaa. Hapana kaa. Jivu tu, jeupe, laini.

Nassra huja Ijumaa. Ananipa shikamoo, anakunywa chai, tunazungumza bei ya unga na visa vya watu. Kabla hajaondoka anazunguka nyuma ya nyumba. Mie namtazama kwa dirishani. Anavua ndara zake, anasimama pale miguu mitupu, mikono ameiweka tumboni. Hasali. Anasimama tu, halafu anavaa ndara anakwenda kuwahi gari.

Sijamuuliza, naye hajaniambia. Akishaondoka naenda mwenyewe, nainama na magoti yangu haya mabovu, naweka kiganja. Pana joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Nimelea wengi, silikosei.