Ndoo ya Kutemea

Jumamosi asubuhi, sokoni Mainz, Ujerumani, watu walisongamana chini ya kanisa kuu, glasi mikononi, kana kwamba divai inagawiwa bure. Dörte, dereva wa tramu, akiwa bado na sare yake ya buluu, alijipenyeza hadi meza ya shamba la akina Wendelborn.

"Nipe nyeupe kavu. Nusu maji ya gesi."

Kijana wa mezani, shati la kitani limenyooka kama la bwana harusi, alijishika kifua. "Maji? Dada, mizabibu hii aliipanda babu wa babu yangu!"

"Aliipanda, au alisimama akitazama? Bibi yangu alivuna mlimani kwenu kila msimu. Hakuwahi kumwona Wendelborn ameinama."

Kijana huyo, Hasso, alicheka mpaka akamwaga divai. Akampa na maji yake. Majira yote ya joto simu hazikupoa.

"Umekula, dereva wangu?"

"Nimekula. Wewe leo umeinama?"

"Nimeinama kuibusu picha yako."

Upuuzi mtupu, na Dörte aliupenda.

Ikaja siku ya kuonja divai ya mwaka, akaalikwa nyumbani kwao. Alivaa gauni la kijani na viatu vilivyombana. Humo ghalani, chini ya ardhi, wageni walizungusha glasi, wakanusa, wakasukutua, wakatema kwenye ndoo ya fedha. Vizazi na vizazi ukoo ule umewafundisha watu kutema jasho la wenzao na kuuita huo ustaarabu.

Dörte alionja. Ndimu changa, jiwe lililonyeshewa mvua, ukali wa kukamua mataya. Utamu wa ajabu bila chembe ya sukari. Akameza.

"Hapa tunatema," alisema Mama Wendelborn, lulu zikimzonga shingo. "Hasso, huyu nani?"

Dörte alimgeukia mpenzi wake. Neno moja tu alikuwa akilingoja.

"Amekuja... amekuja kusaidia kuosha glasi, Mama."

Dörte alichukua maji ya gesi, akayamimina kwenye ile divai ya fahari mpaka ikatoa povu, akainywa yote, akaondoka. Mgeni mmoja aliguna kama aliyefiwa.

Simu ikalia usiku huohuo. "Laazizi, nilibabaika."

"Hukubabaika. Ulinitema." Akakata.

Jumamosi iliyofuata Hasso alimwona akipita sokoni, akamkimbilia, akamvuta hadi mezani. Pete ilikuwa kiganjani. "Nataka kukuoa," alinong'ona.

"Sisikii. Sema kwa sauti."

Hasso aliutazama mgongo wa mama yake, aliyekuwa akihudumia wateja pembeni. "Akiondoka tu, mpenzi, nitapaza sauti."

Akammiminia glasi, safari hii bila maji. Dörte akaisukutua polepole, kama wageni wa ghalani, akaisogelea ndoo ya kutemea iliyokuwa kando ya meza, akatema.

"Nzuri sana," alisema akijifuta midomo. "Lakini mimi humeza kilicho changu."

Akavaa kofia yake, akaifuata tramu.

"Hasso," Mama Wendelborn aliita bila kugeuka, "ndoo imejaa. Kamwage."

Wendelborn akainama.